Mita 30 kutoka wapi? Vijana wa Masisi na Walikale wajifunze kuchora milima yao

Mwishoni mwa Januari 2026, wakati wa mvua, kilima kiliporomoka kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Msemaji wa gavana aliyewekwa na AFC/M23 alitangaza kwamba waliokufa ni zaidi ya watu 200, wakiwemo wachimbaji, watoto na akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa pale. Siku zilizofuata wengine walilaumu mvua, wengine vita. Kinshasa na waasi wakarushiana lawama kama kawaida. Swali moja halikusikika sana: siku moja kabla ya kuanguka, kilima kile kilikuwa na umbo gani, na mchoro wake ulikuwa mikononi mwa nani?

Mbele ya msiba mkubwa namna hiyo, swali la mchoro linaweza kuonekana la watu waliokosa kazi. Lakini kanuni za madini za Kongo zinamkataza mchimbaji mdogo kushuka zaidi ya mita 30 chini ya ardhi. Mita 30 kutoka wapi? Kama mdomo wa shimo uko mahali ambapo mwaka jana palichimbwa na kushushwa mita 12, basi mwenye kupima kamba kutoka mdomoni atapata 30 na kusema sheria imefuatwa, wakati kwa kilima cha zamani amekwisha kushuka mita 42. Kina hupimwa kutoka kwenye uso wa ardhi. Uso ule ukiwa haukuandikwa popote, namba ya sheria haina mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo watu wengi wa Kivu wanaliona kama la wahandisi wa Ulaya: kuunda nyuso kwa kompyuta.

Kuta nne na paa

Goma, Butembo na Bukavu hazina uhaba wa vijana wanaojifunza michoro kwa kompyuta, ile ambayo wanafunzi wanaiita DAO kwa kifupi cha Kifaransa. Wako wa ULPGL, wa ISTA, wa shule za ufundi, na wengine wengi waliojifunza wenyewe kwa video, usiku, wakati umeme upo. Ukitazama kazi zao utakuta karibu kila mara kitu kimoja: nyumba. Kuta nne, milango, madirisha, paa la mabati, gari zuri limewekwa mbele ya mlango ili mteja apendezwe. Kazi hiyo inaleta pesa, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini kijana anayetoka Masisi, akirudi kwao na ujuzi huo tu, atakuta nchi ambayo karibu haina kitu kilichonyooka. Malisho ya ng'ombe yako kwenye miteremko. Barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi-centre ni kona juu ya kona. Machimbo yenyewe ni kilima kilichotafunwa.

Tofauti iko kwenye namna ya kufikiri. Mwenye kuchora nyumba anajenga kwa vipande vilivyojaa: anaweka sanduku, anatoboa dirisha, anakata pembe. Mwenye kuunda nyuso anaanza na ngozi tupu, isiyo na unene wala uzito, iliyotandazwa juu ya mistari. Anachora mstari uliopinda, halafu mwingine, na mwingine tena, kisha anaiagiza programu ivute ngozi kutoka mkato wa kwanza hadi wa mwisho. Kitendo hicho kinaitwa lofti. Jina limetoka kwenye viwanda vya meli, ambako mafundi walichora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya darini, na dari hiyo kwa Kiingereza ndiyo lofti. Kitendo kingine ni kuchukua mkato mmoja na kuukokota juu ya njia, kama mtu anavyokokota reki kwenye udongo laini. Baadaye nyuso hukatwa zinapopishana, hushonwa pamoja kama nguo, na mwishoni kabisa hupewa unene.

Hesabu za mipindo hiyo zilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau alizipata akiwa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier akazifanyia kazi Renault katika miaka ya 1960. Citroën ilifunga kazi ya mtu wake kama siri ya kampuni. Bézier alichapisha yake, na leo dunia nzima inaita mipindo hiyo kwa jina lake. Habari hiyo inawafaa wale wanaofungia ramani za wilaya kwenye kabati za ofisi.

Chukudu kwanza

Kinachokwamisha wanafunzi wengi ni mazoezi wanayopewa. Video zinawafundisha kuunda chupa ya shampoo, kifuniko cha kipanya cha kompyuta, au ubavu wa gari la anasa ambalo halijawahi kufika Nyabiondo. Mwanafunzi anafuata vidole vya mwalimu asiyemjua, anapata umbo linalong'aa, na kesho yake akiambiwa afanye kitu chake mwenyewe anashindwa, maana hakujifunza kusoma umbo. Alikariri tu mahali pa kubonyeza.

Kitu cha kuanzia kiko barabarani. Chukudu, ile baiskeli ya mti inayoteremsha makala, viazi na kabichi hadi Goma, na ambayo mji huo umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, ni somo zima la nyuso. Ubao wake mkuu si mnyoofu. Umepinda mahali mwenye kuendesha anapoweka goti, umenenepa unapobeba mzigo, umepungua unapopokea usukani. Fundi anauchonga kwa panga na tezo bila mchoro wowote, akiufuata mti ulivyokua. Mwanafunzi achukue futi ya kupimia, aende kwa fundi, apime upana na unene kila baada ya sentimita 20 kutoka nyuma hadi mbele, arudi na mikato kumi, avute lofti. Uso utatoka mbaya. Utakuwa na makunjo, utajikunja kama shati lililolaliwa. Hapo ndipo masomo yanapoanza.

Atagundua kwamba mikato mingi mno inaleta mawimbi, na michache mno inapoteza umbo. Atagundua pia zile daraja za kuungana ambazo vitabu vinazieleza kwa shida. Nyuso mbili zinaweza kugusana tu, kukawa na kona kati yake. Zinaweza kugusana na kuelekea upande mmoja, kona ikapotea. Au zinaweza kuelekea upande mmoja na kupinda kwa kiasi kilekile, hadi mkono ukipita juu usijue moja imeishia wapi. Fundi wa chukudu anazijua daraja hizo kwa mti wenyewe, kwa sababu pale penye kona kali ndipo mzigo unapopasua mbao. Mtu aliyeelewa hilo kwa chukudu hatasumbuka atakapoambiwa abuni ukingo wa daraja au karavati la kupitisha maji chini ya barabara.

Kutoka mti hadi kilima

Kilima kinahitaji njia nyingine kidogo. Hakuna mtu anayeweza kuchora mipindo yote ya mlima, kwa hiyo wapimaji hukusanya nukta, kila moja na mahali pake na kimo chake, na programu huziunganisha tatu tatu hadi ardhi yote iwe wavu wa pembetatu. Juu ya wavu huo mtu anapata mistari ya kimo, anaona maji yatapita wapi, na anapata ukali wa mteremko kwa kila kipande. Akiwa na nyuso mbili za mahali pamoja, ya zamani na ya leo, programu hutoa moja kwenye nyingine na kumwambia ni udongo kiasi gani umeondoka.

Faida ya jambo hili inaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme sehemu ya kilima ina urefu wa mita 40 na upana wa 25, na mwenye kazi anadai imechimbwa mita 6. Asiye na uso atazidisha: mita za ujazo 6,000. Lakini kilima hukatwa kama kabari. Kama kina ni mita 6 upande wa juu na sifuri upande wa chini, jibu ni 3,000. Kwa lori la mita za ujazo 10, hiyo ni tofauti ya safari 600 na safari 300. Kwenye kazi za barabara zinazolipwa kwa ujazo wa udongo, safari hizo 300 za hewa hulipwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mwananchi.

Data ya kuanzia ipo na hailipiwi. Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima vimo vya ardhi kwa rada, na vipimo vya Afrika vyenye nukta moja kila baada ya mita 30 vilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Faili moja, yenye jina S02E028, inabeba Masisi-centre, Rubaya na Walikale-centre kwa pamoja. Ina nukta karibu milioni 13, na uzito wake ni megabaiti 26 hivi, chini ya video nyingi zinazotumwa kwenye WhatsApp. Inaingia kwenye flashi ya dola tano na nafasi inabaki. QGIS inaifungua bure, na FreeCAD, ambayo nayo hailipiwi, inatosha kwa chukudu na kwa daraja.

Kuna jambo kuhusu tarehe ile ambalo halitajwi vya kutosha. Februari 2000 ni kabla ya homa ya koltani ya mwisho wa mwaka huo, iliyowapandisha maelfu ya watu milimani. Ni kabla pia ya Bisie kule Walikale kuanza kuchimbwa, mwaka 2002. Kwa hiyo kila kijana mwenye kompyuta anaweza leo kuwa na uso wa milima hii kama ilivyokuwa kabla ya kutafunwa.

Lakini asiutegemee kwa yasiyowezekana. Nukta moja kila mita 30 maana yake ni nukta moja kwa mita za mraba 900, na shimo la mita mbili linapotea katikati yake kama sindano kwenye shamba. Vimo vyenyewe vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Na Walikale ni msitu: rada ile haikufika chini kila mahali, ilipima majani kwa sehemu, kwa hiyo mahali miti ilipokatwa baadaye mtu anaweza kudhani ardhi imeshuka wakati ni mti tu uliolala. Kwa kilima kizima cha Masisi penye malisho, data hii inasaidia. Kwa mdomo wa shimo lazima watu wapande na kupima.

Walikale mbili katika wilaya moja

Anayedhani haya ni mambo ya darasani tu atazame Bisie. Miaka ya kwanza, kasiteriti ya pale ilibebwa kwa migongo ya watu, mwendo wa siku mbili msituni hadi Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuichukua. Watu walikufa kwenye mashimo, na hakuna anayejua idadi yao kwa sababu hakuna aliyeandika mashimo yalikuwa wapi.

Kilima hicho leo kinachimbwa na kampuni ya Alphamin, chini ya ardhi, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Kampuni ya namna hiyo haichimbi kwa kubahatisha. Wanajiolojia hutoboa mwamba, husoma nguzo za mawe zilizotolewa, huchora mikato ya mahali madini yalipo, kisha huvuta ngozi kutoka mkato hadi mkato hadi mwili wa madini uonekane mzima ndani ya kompyuta. Ni lofti ileile ya chukudu. Kila njia ya chini ya ardhi inachorwa kabla ya kutobolewa na kupimwa tena baada ya kutobolewa.

Kazi hiyo ina mishahara. Vijana wa Walikale wanapolalamika kwamba wageni ndio wanaokaa mbele ya kompyuta na wenyeji ndio wanaobeba magunia, wana haki ya kulalamika, lakini malalamiko hayo yangekuwa na nguvu zaidi kama kila mwaka kungekuwa na wenyeji ishirini wenye kazi ya kuonyesha mezani. Cheti peke yake hakitoshi. Mwenye kuajiri anataka kuona uso mtu aliouunda, wa mahali halisi, na namna alivyorekebisha makosa yake.

Vita na vipimo

Kuna watakaosema kwamba haya ni ndoto. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwishoni mwa Aprili 2024. Machi 2025 waasi waliingia Walikale-centre na wakatoka mwanzoni mwa Aprili, Alphamin ikiwa imesimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mtu aliyelala chini ya turubai hafikirii mipindo ya Bézier. Na watakuwa na haki kwa sehemu kubwa.

Vita vinaharibu hata vifaa vyenyewe. Katika nchi nyingine mwanafunzi anarusha droni ndogo, inapiga picha mia tatu, na jioni ana uso wa kilima wenye usahihi wa sentimita. Katika anga ya Masisi na Walikale droni ni silaha, na kijana atakayerusha yake kwa ajili ya masomo anaweza asirudi nyumbani. Hata GPS ya mkononi inaweza kumletea mtu maswali mabaya kwenye kizuizi cha barabara. Ramani ni habari, na kila mwenye bunduki anataka kujua habari hiyo inapelekwa kwa nani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba M23 ilikuwa ikipata dola 800,000 hivi kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani ya Rubaya. Anayeweza kuhesabu udongo uliotoka anaweza kukadiria pesa zilizoingia, na si kila mkubwa atafurahi.

Kuna na udhaifu wa modeli yenyewe. Haishikilii kilima. Inaweza kuonyesha kwamba ukuta umesimama wima mno, na mwenye shimo akaendelea kuchimba chini yake kwa sababu watoto wanangoja chakula cha jioni. Haioni maji yaliyojificha ndani ya udongo wala vichuguu ambavyo hakuna aliyevipima. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba kompyuta itazuia maporomoko anawadanganya.

Lakini kusubiri amani ndipo watu waanze kujifunza ni kujihakikishia kwamba siku amani ikifika, kila kilima kitapimwa na mtu aliyekuja kwa ndege na kuondoka na faili lake. Yapo yanayoweza kufanyika sasa, na darasani hayamhatarishi mtu. Vyuo vya Goma na Butembo vinaweza kukataa nyumba ya kumi na tano kama kazi ya mwisho wa masomo na kudai uso: kona moja ya barabara ya Sake, bonde moja, karavati moja. Walimu wanaweza kugawa ile faili ya S02E028 kwa flashi siku ya kwanza ya somo. Maneno ya kazi yasemwe kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, kwa sababu mchimbaji aliyeacha shule darasa la sita ndiye atakayeshika ncha nyingine ya kamba. Na vyama vya wachimbaji, pamoja na SAEMAPE pale inapoweza kufanya kazi, vilipe vijana wawili wa kupima kwa kila machimbo, nakala ya vipimo ibaki kwa wachimbaji wenyewe.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine ya maelfu ya dola. Fundi mwashi yeyote anajua kupata usawa kwa bomba la plastiki lenye maji: watu wawili, bomba la mita 20, fimbo mbili zilizoandikwa sentimita na daftari. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, na tofauti kati ya fimbo ndiyo tofauti ya ardhi. Kwa siku moja vijana wawili wenye subira wanaweza kupata nukta sitini au sabini kuzunguka mdomo wa shimo, jioni wakaziingiza kwenye kompyuta, na baada ya mvua ya kwanza wakarudi kupima palepale kuona ukingo umesogea kiasi gani. Sharti ni kwamba vipimo vyote vianzie kwenye jiwe moja lililopakwa rangi, na jiwe hilo liwekwe nje ya machimbo, mahali ambapo hakuna mtu atakayechimba.